Esteria na Maneno Yenye Mikia

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Uliza hapa Bariadi mjini, watakuambia mzee Shigela ana mdomo mchungu, na hawajakosea. Lakini yupo mmoja nitakayemsifu leo, na asiyetaka kusikia aende zake sokoni akatafute dagaa. Mtu huyo ni Esteria Salu, aliyekuwa mhudumu wa ofisi katika kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa karani. Alifagia, akapiga deki, akachemsha chai ya saa nne, na alijua Kiingereza kuliko mimi niliyeajiriwa kwa sababu ya kukijua.

Hilo la mwisho halikunishuka kooni kirahisi. Lilinichukua miaka mitatu na siku moja ya aibu, na hiyo siku lazima niisimulie, maana bila hiyo sifa zangu zote zitakuwa kama zile zinazosomwa makaburini, ambazo hata marehemu angezishangaa.

Esteria alizaliwa Bukundi, kule Meatu, kwenye nyumba ya wafugaji. Kisukuma kilikuwa cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni. Kiingereza kilikuwa kile cha kuimba darasa zima, this is a cow, that is a hut, huku mwalimu akigonga meza. Alimaliza darasa la saba akiwa wa pili kwa alama. Mwaka ule walichaguliwa wawili kwenda sekondari, wa kwanza na wa tatu. Kwa nini wa tatu, usiniulize mimi. Yeye mwenyewe aliponisimulia hakulalamika, alisema tu kwamba wa tatu alikuwa na viatu vizuri.

Shangazi yake akamchukua, akampeleka Maswa kufanya kazi jikoni kwa masista. Msimamizi wa jikoni alikuwa sista mmoja mzee wa kutoka Ulaya, Kiswahili chake cha kuombea chumvi tu. Siku ya kwanza alimwagiza mambo mawili kwa mfululizo. La kwanza put on your apron. La pili put out the stove. Esteria alijua put ni weka, on ni juu, na out ni nje. Kwa hiyo aliikunja aproni akaiweka vizuri juu ya meza, kisha akalibeba jiko la mkaa, limewaka vile vile, akaliweka nje ya mlango. Akasimama pembeni yake akingoja kupongezwa.

Sista alicheka mpaka akakalia gunia la unga. Halafu akamwonyesha: put on ni kuvaa, put out ni kuzima. Mtoto mwingine angeona haya, jambo likaishia hapo. Esteria aliomba daftari kuukuu. Ilikuwaje neno moja, weka, likishikwa na kaneno kadogo nyuma yake ligeuke kuvaa, na likishikwa na kengine ligeuke kuzima moto? Juu ya jalada akaandika kwa Kiswahili: Maneno Yenye Mikia. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Aliniambia mwenyewe jinsi alivyoyaelewa, na mpaka leo sijasikia mwalimu aliyeyaeleza vizuri zaidi. "Baba Joyness," alisema, maana aliniita kwa jina la binti yangu, "sisi mkia tunaushonea ndani. Funga. Fungua. Fungia. Fungana. Neno likitoka mdomoni limeshabeba kila kitu. Wao wanalitoa neno tupu, halafu mkia unakuja nyuma kwa miguu yake. Ukiukosa huo mkia, humjui ng'ombe ni wa nani."

Na aligundua zaidi. Aligundua kwamba mkia huo hutangatanga. Unaweza kusema put out the fire, ukasema pia put the fire out, mtu asikugombeze. Lakini moto ukishaitwa it, mkia lazima ukimbilie mwisho: put it out. Put out it hakuna. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna, alisikiliza tu mwaka mzima, na hakumsikia Sista hata siku moja akisema put out it. Nilimcheka. Nilikuwa na Form Four yangu ya kupita kwa mbinde, na hiyo kanuni nilikuwa siijui.

Alikuja kiwandani kwetu Bariadi mwaka themanini na tisa, wakati kiwanda bado ni cha ushirika na sisi bado tuko mkoa wa Shinyanga. Baadaye ikaja soko huria. Kila mtu akaruhusiwa kununua pamba, na kiwanda chetu kikakodishwa kwa kampuni ya watu binafsi. Mwaka tisini na tano akaletwa meneja mgeni, Mzungu mrefu, mpole kwa sura, mkali kwa kalamu. Barua zote zikageuka Kiingereza usiku mmoja. Mimi nikaanza kutembea kifua mbele, maana sasa nilikuwa karani na mkalimani.

Wenzangu walipata tabu sana. Siku moja meneja alipita kwenye mabanda ya mbegu, akamkuta Mayige, mpakizi wetu, ametua gunia ili amsalimie. Meneja akampungia mkono, "Carry on, carry on." Mayige alijua carry ni beba, on ni juu. Akalitwika gunia kichwani, akasimama. Meneja alipozunguka ghala na kurudi, akamkuta pale pale, shingo imeingia mabegani. "Carry on," akasema tena, sasa kwa mshangao. Mayige akaanza kutazama huku na huku akitafuta gunia la pili. Esteria alikuwa anapita na birika. "Mayige, tua hilo," akamwambia. "Amesema endelea na kazi yako."

Tulicheka wiki nzima. Lakini angalia, sisi tulimcheka Mayige. Esteria aliingia jikoni akafungua daftari, akaandika: carry on, kuendelea na ulichokuwa unafanya. Mfano, Mayige na gunia. Ndivyo alivyokuwa. Kila neno alilipa maana, na kila maana akaipa mfano wa mtu tunayemjua. Mimi nilikuwa namwambia, "Mama, daftari la nini, wewe si wa birika tu?" Alikuwa ananijibu, "Birika lina muda mrefu wa kuchemka, Baba Joyness."

Sasa sikiliza kuhusu swichi, maana kesi yote imetokea hapo.

Kwenye ukuta wa chumba cha mashine palikuwa na swichi kubwa ya mkono, ya enzi za ushirika. Juu imeandikwa ON, chini OFF. Fundi umeme wetu, Masele, alikuwa na lugha yake. Asubuhi alipiga kelele, "Seti oni!" na mashine zikanguruma. Saa kumi na mbili jioni, "Seti ofu!" na kiwanda chote kikanyamaza. Kuseti ni kuweka, kama unavyoseti redio au saa. Kwa miaka kumi na zaidi kiwanda kizima kikawa kinasema hivyo. Mtu akitaka taa izimwe, seti ofu. Redio inapiga kelele, seti ofu. Hata mama akitaka mtoto anyamaze alimwambia aseti ofu. Sisi hatukuwa na shaka kwamba hicho ni Kiingereza, kwa sababu kiliandikwa ukutani.

Agosti mwaka tisini na sita, saa ya chakula cha mchana, moto ukashika kwenye ghala la marobota, yale mafurushi ya pamba iliyoshindiliwa. Watu wote walikuwa wamekwenda kula. Aliyekuwepo peke yake ni Ndaki Nyanda, mshindiliaji wa marobota, mtu mkimya wa Lingeka, ambaye alikuwa amebaki kwa sababu chakula chake alikuwa anakuja nacho kwenye kibuyu. Aliona moshi unatoka kwenye robota moja. Wanaojua pamba wanajua moto wake: hauwaki, unatambaa ndani, na ukichelewa umekula ghala zima. Ndaki hakungoja mtu. Alilowesha magunia, akalikumbatia lile robota, akaliburuza mpaka nje, akalipasua kwa mikono na kumwagia mchanga mpaka mwisho. Tulipofika tukamkuta amekaa chini, mikono ameinyoosha mbele, ngozi imechunika.

Yale marobota mengine mia na kitu yalipona. Unajua mtu huyo alistahili nini. Lakini kampuni ilikuwa na bima, na bima inataka maelezo ya maandishi, na maelezo yawe ya Kiingereza. Ndaki hakuweza kushika kalamu kwa sababu ya bandeji, na Kiingereza hakukijua kabisa. Akaletwa kwangu.

Akasema, nami nasikia sauti yake mpaka leo: "Nilipoona moshi niliingia. Nikauzima moto kwa mikono yangu mwenyewe."

Nikachapa kwenye taipureta: When I saw the smoke I entered. I set off the fire with my own hands.

Nikaisoma kwa sauti mara mbili. Niliona imekaa vizuri. Ndaki akaweka dole gumba la kushoto, ndilo pekee lililokuwa nje ya bandeji, akaniambia wabeja, yaani ahsante. Alinishukuru.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, tukaitwa ofisini kwa meneja, Ndaki na mimi mkalimani wake. Nje palikuwa na gari la polisi. Nilidhani limekuja kwa shughuli nyingine. Meneja alikuwa amekunja uso, karatasi yangu iko mbele yake. Akaniambia nimuulize Ndaki kama maelezo haya ni ya kweli. Nikamuuliza. Ndaki akasema ni ya kweli, kila neno. Meneja akauliza tena, taratibu, ni kwa mikono yake mwenyewe? Ndaki akainua ile mikono yenye bandeji, kwa unyenyekevu kabisa, akasema ndiyo, hii hapa.

Meneja akashusha pumzi. Akaniambia askari wako nje, na mtu huyu atalala mahabusu leo, na kwa kuchoma ghala makusudi hatarudi nyumbani karibuni.

Nikamwambia kuna makosa, mtu huyu aliuzima moto, imeandikwa hapo, set off. Meneja akanitazama. Akachukua kiberiti mezani, akawasha njiti mbele ya pua yangu. "Set off," akasema, akionyesha ule mwali. Kuanzisha. Kulipua. Kuwasha.

Kwa neno langu mimi, mtu aliyeokoa ghala alikuwa ameandika kwa dole gumba lake kwamba yeye ndiye aliyelichoma.

Meneja akauliza swali moja la mwisho, na aliuliza kwa haki kabisa. Akauliza, neno hili ni lake, au ni lako?

Hapo nikupe hali halisi, ingawa hainisaidii. Chini ya kikombe cha meneja kulikuwa na orodha ya watu wa kupunguzwa kazi. Makarani tulikuwa wanne, na kampuni ilitaka wawili. Nyumbani nilikuwa na watoto watano, Joyness ndiyo kwanza yuko darasa la tano. Mkalimani asiyejua kuzima na kuwasha, unga wake si umeshamwagika? Haya yote yalinipita kichwani kwa muda wa njiti ile kuungua.

Nikasema, "I wrote what he said, sir." Niliandika alichosema.

Ndaki akanigeukia. "Amesemaje, Shigela?"

"Anaulizauliza tu," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Mimi nikaufyata, nikatazama sakafu.

Wakati huo Esteria alikuwa ndani ya ofisi ile ile, anamimina chai. Hakuna aliyemwona, maana mtu wa birika haonekani. Yeye ndiye pekee aliyesikia vyote viwili, nilichomwambia meneja na nilichomwambia Ndaki. Akaacha kumimina. Akanitazama, na hakunitazama kwa hasira. Ningeona afadhali angekasirika.

Akaweka birika chini. Akasema kwa Kiingereza safi, taratibu, mikono ameifumbata mbele ya aproni, kwamba anaomba ruhusa aseme neno. Meneja alishtuka kama vile kiti kimeongea. Akamruhusu.

Hakuanza na Ndaki wala na mimi. Alimuuliza meneja, "Bwana, kila jioni saa kumi na mbili unamsikia Masele akipiga kelele. Anasemaje?"

Meneja akafikiri. "Kitu kama set off," akasema. "Nilidhani anaaga, anasema anaanza safari ya nyumbani."

"Na akisema hivyo, mashine inafanya nini?"

"Inasimama."

"Basi Ndaki aliufanya nini moto?"

Meneja alikaa na ile njiti iliyoungua mkononi. Akasema huenda ikawa, lakini bima haitakubali neno la mhudumu wa chai. Esteria akasema hata yeye asingekubali. Akaomba waitwe watu watatu, mmoja mmoja, na wasiambiwe kitu. Akaomba meneja mwenyewe ndiye aandike watakachosema.

Wa kwanza aliletwa Mayige. Esteria akamwambia kwa Kiswahili, meneja akimtazama midomo, "Mayige, moto uliwaka, ukauzima. Mwambie bwana kwa Kiingereza." Mayige akajikuna. "Fire on," akasema. "Me, off." Wa pili alikuwa Nyanjige, mshonaji wa magunia. Yeye akasema I put off the fire, na meneja akatabasamu kidogo, kwa sababu, kama Esteria alivyonieleza baadaye, put off ni kuahirisha, na Nyanjige alikuwa ameuahirisha moto mpaka siku nyingine. Wa tatu alikuwa Masele mwenyewe, fundi. Akasimama wima, mkono kwenye mshono wa suruali. "I set off the fire, sir."

Meneja akaandika yote matatu. Kisha akauliza, kwa nini hasa off? Na Esteria akamweleza, mimi nikiwa nimesimama pale na Form Four yangu. Akamwambia kwamba hapa kwetu off tuliisoma ukutani kabla ya kuisoma kwenye kitabu. Kwenye ukuta maana yake ni moja tu, zima. Hatukujua kwamba huo mkia ukishikwa na neno jingine unafanya kazi nyingine. Ukiushika na put umeahirisha, na take umevua au umepaa, na set umewasha au umeondoka. "Karani ameandika kama sisi sote tunavyosema," akamaliza. "Hakuna mwenye nia mbaya."

Sikia maneno hayo. Hakuna mwenye nia mbaya. Alijua nimesema uongo dakika kumi zilizopita, na bado akanijengea mlango wa kutokea.

Meneja akaichana ile karatasi. Akasimama, akaenda dirishani, akamwambia askari aliyekuwa nje, "Let him off."

Ndaki alikuwa hajaelewa kitu asubuhi nzima, ila neno moja analijua. Off. Alisikia meneja anamwambia askari mambo ya ofu. Alidhani ndiyo amezimwa. Akashika ukingo wa meza kwa ile mikono mibichi, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Esteria akamwahi, akamshika bega. "Hiyo ni ofu nyingine, kaka," akamwambia. "Hiyo ni ya kukuachia. Umeachiwa. Nenda nyumbani."

Ndaki akalia. Meneja akageuka akatazama ukutani. Mimi nilitoka nje kabla yao, nikajificha nyuma ya banda la mbegu.

Meneja alitaka kumpa Esteria cheo. Akakataa cheo, akaomba vitu viwili. Kwanza, swichi kubwa iandikwe WASHA na ZIMA, kwa rangi nyeupe, herufi za kusomeka toka mlangoni. Pili, kila Ijumaa apewe nusu saa na wafanyakazi baada ya chai. Akapewa. Mayige alikuwa hakosi. Nyanjige alijifunza mpaka akawa anamsahihisha mumewe. Ungemwona Esteria pale mbele, kanga kiunoni, chaki imemjaa vidole, anasema, "Leo tuna look. Tazama. Sasa tumpe mikia," na watu wazima wanainama wanaandika. Mimi sikuwahi kuhudhuria. Nilijifanya nina barua nyingi.

Sikupunguzwa kazi. Waliondoka wengine wawili, mimi nikabaki. Ndaki alimaliza msimu ule, vidole viwili vya kulia havikunyooka tena, akarudi Lingeka kwenye ng'ombe zake. Alipokuja kuaga alinishika mkono, akasema, "Wabeja, Shigela, kwa kunisemea." Akaondoka na hilo.

Miaka mitatu Esteria hakunigusia habari ile hata kwa jicho. Alinimiminia chai, sukari vijiko viwili kama nipendavyo, akauliza watoto hawajambo. Mtu akinyamaza hivyo unaanza kumchukia, nakuambia kweli, na mimi nilijaribu kumchukia nikashindwa.

Mwaka tisini na tisa Joyness akaingia kidato cha kwanza. Esteria akaja mpaka nyumbani kumpongeza, na akamwazima lile daftari. Siku hizo lilikuwa madaftari matano yameshonwa pamoja kwa uzi wa magunia. Joyness akafurahi mno. Jumapili moja mchana, yeye yuko kanisani na mama yake, nikalifungua.

Nilisoma mpaka nikasahau kula. Ulikuwa ni ukumbi wa watu wetu wote. Put up with, kuvumilia: Nyanjige na mumewe. Get along, kupatana: Masele na swichi. Run out, kuisha: sukari ya ofisi, kila tarehe ishirini. Look down on, kudharau: Karani na birika langu. Hapo nilisimama kidogo. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko ule ule mtulivu, bila kinyongo, kwa sababu ulikuwa ni mfano mzuri na yeye hakupoteza mifano.

Nikafika Agosti tisini na sita. Set off, kuwasha, au kuondoka. Mfano, hapana, alikuwa ameandika, Ndaki hakufanya hivyo. Put out, kuzima. Mfano, Ndaki na robota. Let off, kuachia. Mfano, Ndaki.

Na chini yake: own up, kukiri kosa mwenyewe bila kushurutishwa. Mfano.

Baada ya neno mfano hapakuwa na kitu. Mstari ulikuwa mweupe. Nikapindua kurasa zote, mbele na nyuma, kurasa mia mbili na zaidi. Kila neno lilikuwa na mtu wake isipokuwa hilo. Alikuwa ameniachia nafasi. Miaka mitatu ile nafasi ilikuwa wazi, nami nilikuwa nakunywa chai.

Nilipata lori la pamba linalokwenda Meatu siku ya Alhamisi. Nikashuka Lingeka na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Ndaki alikuwa zizini anafunga kamba ya ndama kwa vidole vilivyobaki. Akaniona, akafurahi, akanisalimia mwadila, nami nikaitika, akaagiza kigoda na maziwa. Nikamwambia maziwa yangoje.

Nikamwambia yote. Kwamba meneja aliuliza neno ni la nani. Kwamba nilisema ni lake. Kwamba aliponiuliza amesemaje, nikamwambia anaulizauliza tu.

"Ulisema hivyo mimi nimekaa pale pale?" akauliza.

"Pale pale."

Akaendelea kufunga ile kamba. Ilimchukua muda. Nilitamani kumsaidia, nikaogopa.

"Ningejua siku ile ningekupiga," akasema.

"Nipige, Ndaki."

Akainua mikono, akaitazama, akanionyesha vile vidole viwili. "Kwa hii?" akasema. Kisha akakaa chini kwenye majani, akageuza uso akatazama ng'ombe, mimi nikitazama miguu yangu. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Baadaye sana akasema, "Nduhu mhayo." Kwetu maana yake ni hakuna neno, yaishe. Nikamwambia neno lipo, nimekuja nalo. Nikatoa daftari, nikamwonyesha ule mstari mweupe, nikamweleza unataka nini. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Esteria huyo," akasema. "Andika basi. Na safari hii nisomee vizuri kabla sijaweka dole."

Niliandika mbele yake, nikamsomea kwa Kiswahili, nikamtafsiria neno moja moja, na akaweka dole gumba kwa masizi ya jiko pembeni ya maandishi yangu. Kisha tukanywa maziwa.

Jumatatu nikamrudishia Esteria daftari jikoni kwake, kabla ya chai ya saa nne. Akafungua moja kwa moja pale, hakuhitaji kutafuta. Nilikuwa nimeandika: Shigela owned up to Ndaki. Lingeka, Agosti 1999.

Akasoma mara moja, akaligusa lile dole la masizi, akasoma tena akifuata kwa kidole. Mimi nimesimama mlangoni kama mwanafunzi.

"Own up to," akasema. "Huyu ana mikia miwili, na watu wengi wanasahau wa pili." Akafunga daftari, akachukua kikombe changu. "Umepatia, Baba Joyness. Kaa unywe chai."